Swali la Koplo Chini ya Meza ya Keki

Baba mkwe wangu aliendesha malori ya jeshi, akastaafu na cheo cha koplo, na jina la Koplo likabaki naye mpaka tunamzika. Hata mama mkwe alimwita hivyo: "Koplo, chumvi imekwisha." Nyumba yake aliiita kambi. Kila alfajiri alipanga sebuleni viatu vya watu wote, kuanzia vya mkewe hadi kandambili za mjukuu, akavipiga brashi mpaka ukiinama unajiona meno. Aliyechelewa kuamka alivikuta vyake vimegeuzwa, visigino mbele. Sijawahi kumwona akitoa adhabu kali kuliko hiyo.

Vita alivyopigana hakuvisimulia. Mume wangu ndiye aliyeniambia kwamba lori la baba yake lilikanyaga bomu la kutegwa, na mwenzake aliyeketi pembeni akafia pale pale, kabla Koplo hajanyoosha mkono. Aliyasema hayo kwa sentensi moja tu, akabadili mazungumzo, kama wanavyofanya wote wa ukoo huu wakibanwa.

Siku ya harusi yetu, vijana waliopamba ukumbi waliona ni mchezo mzuri kuyatoboa maputo yote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeshika kisu nakata keki. Niliona suti ya kijivu ikiruka viti viwili, nikasikia "Lala chini!" kwa sauti iliyozoea kutiiwa, nikajikuta chini ya meza nimefunikwa na baba mkwe mzima mzima, na keki imetuangukia wote wawili. Maputo yakaisha. Akaninong'oneza huku anahema, "Umeumia, mwanangu?"

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta shela yangu, na shangazi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa ameshaanza: "Mkwe kamlalia mkwewe mbele za watu. Haya, tumeyaona." Kicheko kilichofuata sitaki kukisikia tena. Koplo aliinuka, krimu imemjaa ndevuni, akajifuta palipofutika, akatoka kwa mlango wa jikoni. Nami nilimwonea aibu, nisidanganye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na yeye nimwache huko huko juu na watu wake.

Aibu yangu ilipungua kadiri watu walivyosahau. Yake ilihamia nyumbani kwake, tulikoishi sote, ikakaa. Akiniona naingia sebuleni, alikumbuka kitu uani. Alianza kula baada yetu, akisingizia meno. Akiwa na neno nami alimtuma mama mkwe, naye alichoka: "Mimi si redio yenu ya upepo. Semezaneni." Hatukusemezana. Mwanangu wa pili alipougua, Koplo alitembea na mvua kutafuta dawa, akarudi amelowa chapachapa, akampa mume wangu ili anipe mimi, niliyekuwa nimesimama hapo hapo mbele yake.

Na viatu vyangu je? Havikukosa brashi hata mara moja. Ila aliviacha mlangoni mwa chumba chetu, mbali na vya wenzangu, na hata nilipolala mpaka jua likapanda, hakuvigeuza. Wengine walinionea wivu. Mimi nilijua kwamba bado ni mgeni kambini.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, tulipokezana kumlisha. Zamu yangu ilipofika aliutazama ukuta, nikamlisha uji pembeni mwa mdomo. Siku moja tairi la lori likapasuka barabarani, mbele ya dirisha letu. Mkono wake, uliokuwa haushiki hata kijiko, uliruka ukanifunika kichwa. Bakuli likapinduka. Alipotambua ni kichwa cha nani, akauvuta haraka, macho yamemlenga machozi.

"Nisamehe," akasema. "Mkono huu haunisikii."

Nikaukamata nikaurudisha kichwani pangu.

"Sijaumia, baba. Hata siku ile ya harusi sikuumia."

Aligeuza uso kutoka ukutani. Tangu harusi hakuwahi kunitazama machoni, na sasa alinitazama bila kupepesa, kama mtu anayesoma kibao cha barabara kutoka mbali.

"Hukuumia?"

"Hata kidogo."

"Mimi nilijua nimekuvunja kitu," akasema polepole. "Mwenzangu kule lorini nilimwita, hakuitika. Na wewe nikakuuliza, ukanyamaza. Nikasema basi, nimemuumiza mtoto wa watu, ndiyo maana hawezi hata kunitazama. Mbona hukunijibu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa natafuta shela. Nilichukua kitambaa, nikaanza kufuta uji kwenye shuka.