Goti la Immakulata Halitaki Kupona

Saa kumi jioni, Kasulu. Wasichana wa timu ya mpira wanaruka na kutua, magoti yamekunjwa, na Dorcas Niyubahwe anapita kati yao akikagua nyayo. "Tua taratibu, kana kwamba una ndoo ya maji kichwani," anawaambia. Wanacheka, kisha wanatua vizuri.

Dorcas (34), mzaliwa wa Mabamba wilayani Kibondo, ni kocha wao. Tangu mwaka jana anawasaidia pia watafiti wanaochunguza kwa nini magoti ya wasichana huumia kirahisi michezoni. Kila wiki huwauliza wachezaji kuhusu maumivu, usingizi na siku zao za hedhi. Hilo la mwisho, anasema, lilimtoa jasho kuliko mbio. Yeye mwenyewe aliacha mpira kwa sababu ya goti, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kazi ilikwenda vizuri hadi lilipokuja suala la mapumziko. Walioumia aliwaambia wakae nyumbani. Ajabu, waliokaa nyumbani hawakupona. Wabishi walioendelea kuja uwanjani, japo kutazama tu, walipata nafuu.

"Nilichanganyikiwa," anasema. "Nikajiuliza, au mimi ndiye ninayewaumiza?"

Aliyemnyima usingizi zaidi ni Immakulata, mshambuliaji wake wa miaka 17 kutoka Nyakitonto. Goti lake lilizidi kuvimba. Dorcas akapanda bodaboda kwenda kumwona, na kabla hajafika kwao akakutana naye akiteremka mlima na mzigo wa mihogo kichwani.

Hapo akaanza kuelewa. Nyumbani, binti asiyekwenda mazoezini ana nafasi, na mwenye nafasi hupewa jembe. Mama yake, Theodosia, hakuona kosa lolote. Mtoto ameambiwa asicheze, na kweli hachezi.

Salamu zilikuwa ndefu na za heshima, na Dorcas akakosa moyo wa kubishana. Akasema tu kwamba Immakulata anahitajika mazoezini kila jioni, bila kutaja kwamba atakuwa anapumzika. Tangu hapo binti huja na kukaa kando ya uwanja, mguu juu ya dumu. Uvimbe umeanza kupungua.

"Nimemdanganya mzazi, na naona aibu," anasema Dorcas. "Mihogo sasa anaibeba yule mama peke yake. Sijui nimemponya nani."

Wiki iliyopita Theodosia alitokea uwanjani bila taarifa. Mama alimtazama bintiye, akalitazama dumu. Kisha akaketi kando yake, akapandisha kitenge kidogo. Goti lake nalo lilikuwa limevimba.

"Kocha," akasema, "na hili langu nilipumzishe hapa?"

Dorcas ametafuta dumu la pili. Anakusudia kuwaomba watafiti wawaulize na akina mama kuhusu magoti yao, ila hajui ataanzia wapi, kwa sababu swali la kwanza la watafiti hao ni: unacheza nafasi gani?