Chumvi Ukutani mwa Kota Mpya

Niliishi kambini miaka sita, na miaka yote sita nilipikia nje. Sisi wake za askari wa vyeo vya chini tulikaa katika laini za mabati walizozijenga wakoloni kwa ajili ya vita vyao, na vita vilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuzibomoa. Kilikuwa chumba kimoja na pazia katikati, upande huu mume na mke, upande ule watoto. Saa saba za mchana bati lililia lenyewe kwa joto. Watoto walirudi kutoka shuleni na maziwa yao ya serikali, zile pakiti za pembe tatu, wakayanywa yakiwa moto kama yaliyotoka jikoni. Bomba la maji lilikuwa moja kwa milango ishirini. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa gwaride, na mwanamke mwenye tumbo la kuendesha ilimbidi apite mbele ya mlinzi mwenye bunduki huku akijikaza.

Kambi yenyewe siitaji. Ilikuwa kaskazini mwa Kilifi, ndani kidogo ya barabara ya Malindi, wala si mbali na kwetu Tezo. Mume wangu alikuwa koplo, mtu wa Ukambani, mpole, aliyepiga pasi magwanda yake mwenyewe kwa sababu alisema mimi naacha mikunjo.

Katikati ya miaka ile ya themanini serikali ikaamua kuzitengeneza kambi. Mkuu wetu alituita uwanjani, wake kwa watoto, akatutangazia kwamba zitajengwa kota za mawe: vyumba viwili, jiko ndani, choo ndani, maji ndani. Alipofika kwenye "maji ndani" wanawake tulipiga vigelegele hata farasi wa mkuu akashtuka kwenye banda lake. Orodha ikabandikwa. Jina la mume wangu lilikuwa kwenye jengo la pili, mlango wa mwisho upande wa mashariki. Nilikwenda kusimama penye ule mlango kabla haujawa mlango, ungali kamba na vigingi vinne, nikachagua mahali pa kuweka kitanda.

Sasa, baba yangu alikuwa mwashi. Alijenga kwa mawe na chokaa, baadaye kwa saruji, toka Tezo hadi Malindi. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo karai la zege nililibeba mimi, mpaka nilipoolewa. Mchanga ukiletwa, kabla hajaruhusu uguswe na sepetu, baba aliuonja. Alichukua punje kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini, akatema. Ukiwa wa pwani aliurudisha, hata mwenye nyumba aking'aka.

"Chumvi haina haraka," alinambia. "Hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, ikala plasta, ikafika kwenye chuma cha linta juu ya mlango, ikala na chuma. Utamwona mwenye nyumba anapaka rangi kila mwaka, hajui nyumba yake inakufa."

Kwa hiyo nilipopita jengoni asubuhi moja nikitoka kuteka maji, na kuona kwenye lundo la mchanga makombe madogo meupe ya baharini, miguu ilisimama yenyewe. Nikatua ndoo. Nikaonja. Ulikuwa mchanga wa bahari, haujaoshwa hata kwa mvua moja.

Nilimwendea msimamizi wa mkandarasi, mtu wa makamo mwenye kofia ya plastiki ya njano. Nikamsalimu, nikamwambia mchanga huu una chumvi.

"Mama, mchanga huu unatoka mto wa bara, ng'ambo ya feri," akanijibu. "Kwenye mkataba imeandikwa mchanga wa mto."

Wakati huo Kilifi haikuwa na daraja. Lori lililovuka lilipanga foleni ya feri kwenda na foleni ya feri kurudi. Lakini mimi nilikuwa nimeinjika maharagwe lori likitoka, na lilirudi maharagwe hayajaiva, huku maji yakichuruzika kwenye bodi lake la nyuma. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akawageukia vibarua.

"Sikieni, saa yetu sasa ni maharagwe ya mama." Kisha akanigeukia na uso umebadilika. "Rudi jikoni. Huku utaangukiwa na jiwe."

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Alinisikiliza akifungua kamba za viatu.

"Mimi ni koplo," alisema. "Si injinia. Na wewe si injinia."

"Mimi ni mtoto wa mwashi."

"Basi nyamaza kama mtoto wa mwashi. Tumengoja nyumba hii miaka mingapi?"

Sikunyamaza. Nilimwambia karani wa ujenzi, akasema ataangalia, wala hakuangalia. Siku ya tatu sajini meja alimwita mume wangu akamwambia mkewe ana mdomo mrefu, na mdomo wa mke humfikia mume begani, pale penye cheo. Mume wangu alirudi hakula. Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alisema tu, "Tafadhali," neno ambalo hakuwa na mazoea ya kuniambia.

Nililala nalo neno hilo siku mbili. Halafu wakaanza kupiga plasta mlango wangu, wa mwisho upande wa mashariki, nikajua siwezi kunyamaza. Wanangu walikuwa wamekaa ndani ya bati la mkoloni, na sasa walikuwa wakijengewa uongo wa serikali yao wenyewe. Afadhali bati, halijidai kuwa kitu kingine.

Nilichukua ndoo ya mchanga wao mchana kweupe, vibarua wakitazama. Nikautia maji ya bomba, nikakoroga, nikaacha ukatulia, nikachuja kwa kitambaa cha leso. Yale maji nikayainjika sufuriani, nikayaacha yachemke mpaka yakauke. Chini ya sufuria likabaki tandu jeupe kama ukoko. Nikaliparuza kwa kijiko, nikatia kwenye maharagwe, nikawaita majirani wanne wa laini yetu waje kula.

"Yamekolea," alisema mmoja, mke wa dereva, mwanamke wa bara ya mbali aliyekuwa akinicheka kwa habari ya mchanga.

"Hiyo ndiyo nyumba yako unayokula," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. Nikawaonyesha sufuria. Tangu siku hiyo sikuwa peke yangu. Katika laini yetu mke wa sajini meja pekee ndiye aliyekataa. Alisema yeye haingii maneno ya wanaume.

Ikatangazwa kwamba mkubwa kutoka makao makuu anakuja kukagua. Kambi ikapakwa chokaa hadi mashina ya minazi. Jengo la pili, ukuta wa mashariki, ulikuwa umeshaanza kutoa jasho, madoa ya unyevu yenye ukungu mweupe pembeni. Usiku ule wakaupaka rangi ya krimu upesi upesi. Asubuhi wanawake tukapangwa mstari, leso za sare, tuimbe mgeni akipita. Mume wangu alikuwa kwenye gwaride la heshima, magwanda yamenyooka kama karatasi.

Mkubwa alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mvi, anatembea taratibu. Alipofika mbele ya mlango wangu nikatoka mstarini. Wimbo ukakatika nyuma yangu, sauti moja baada ya nyingine. Sajini meja alinyoosha mkono lakini mkubwa alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Una neno?"

"Nina ombi moja. Naomba uulambe ukuta huu."

Sijui nilitarajia nini. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Mkuu wa kambi alisema, "Afande, samahani, huyu mama..." na sikungoja amalize. Nilikwenda ukutani, pale rangi ilipokuwa imeshaanza kufura, nikaubandua ule ukungu kwa ukucha nikauweka ulimini mbele yao wote.

"Ni chumvi," nikasema. "Mchanga wameuchota pwani. Baba yangu aliijenga pwani hii, naujua mchanga wa mto na naujua wa bahari. Kama nasema uongo, mniweke ndani."

Mkandarasi mwenyewe alikuwepo, amevaa suti. Akatabasamu. "Ni saruji tu, afande. Saruji mpya hutoa jasho."

Mkubwa alimtazama. "Basi onja jasho la saruji yako."

Yule bwana hakusogea. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake. Ndipo mkubwa akavua glovu, akapitisha kidole ukutani, akakitia mdomoni. Alitoa kitambaa, akajifuta kidole, akamwambia karani wake aandike. Halafu akauliza, "Huyu ni mke wa nani?"

Niliwatazama askari wa gwaride, nikamwona mume wangu akitazama mbele, shingo imemsimama. Angeweza kukaa kimya. Wangemjua tu baadaye, lakini angeweza. Akapiga hatua moja mbele, viatu vikalia.

"Wangu, afande."

Ujenzi ulisimamishwa juma lile lile. Wakaja watu wenye nyundo na chupa, wakapima, na majengo mawili yakabomolewa hadi msingini. Mkandarasi hatukumwona tena. Wanawake wa laini nyingine waliokuwa wakinikwepa bombani wakaanza kuniachia zamu.

Lakini jeshi ni jeshi. Kwa kushindwa kutawala nyumba yake, mume wangu alifungiwa kambini siku kumi na nne na kupewa kazi ya kufyeka uwanja wa gwaride, yeye koplo, pamoja na makuruta. Siku ya tatu sajini meja alinijia na karatasi iliyopigwa chapa. Nikitia sahihi, alisema, adhabu itakatwa nusu.

Nilisoma. Iliandikwa kwamba nilisema maneno yasiyo na msingi.

"Kwa kuvunja mstari wa wimbo naomba radhi," nikamwambia. "Andika hilo, nitatia sahihi hata mara mbili. Kwa chumvi siombi."

"Unamtesa mumeo."

"Mwulize yeye."

Alikwenda kumwuliza kweli, pale pale uwanjani, nami nikiona kwa mbali. Mume wangu aliinuka, akapokea karatasi, akaisoma yote, akamrudishia, akainama tena na fyekeo lake. Jioni nilimpelekea uji. Nilitaka kumwuliza alisema nini. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, nikamshikia bakuli akanywa. Cheo cha usajini kilichokuwa kinamjia mwaka ule alipewa mwingine. Sikumwomba radhi kwa hilo, na mpaka leo sijui kama alingoja nimwombe.

Kota zikaanza upya. Mara hii malori yalitoka alfajiri na kurudi jua likishuka, mchanga mwekundu wa mto ukidondoka barabarani. Nilipita kuuonja kila lundo, na hakuna aliyeniambia nirudi jikoni. Kuta zikapanda, linta zikalazwa, mabomba yakaingizwa. Mwezi mmoja kabla ya kukabidhiwa funguo, barua ya uhamisho ikaja: kaskazini, kambi ya mahema, na katika laini nzima tuliohamishwa ni sisi peke yetu.

Siku ya kupakia vitu mke wa sajini meja alikuja hadi kwenye lori. Alisimama ameshika ncha ya leso.

"Ule mlango wenu wa mwisho," akasema, "tumepewa sisi."

Nilijua. Nilikuwa nimeshaiona orodha mpya. Nilitaka kumwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyatunga usiku kucha, na yalikuwa maneno makali, mazuri. Nikamtazama, mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto watano ndani ya chumba cha bati.

"Fungua madirisha asubuhi," nikamwambia. "Plasta mpya yataka hewa. Na usimruhusu mtu apake rangi mpaka ikauke."

Akatikisa kichwa kuitikia. Mume wangu akanipa mkono, nikapanda juu ya magodoro na watoto, na mbele ya laini yote nikakaa wima.