Mama Mdogo wa Shujaa

Muulize mtu yeyote wa Kwamsisi, atakuambia mama wa shujaa ni Hamisa. Uongo mtupu! Aliyemzaa shujaa yule ni mdogo wake, Mwantumu, na kama wenyewe wamenyamaza, basi acha mimi niseme.

Mwantumu alifiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Kibwana. Watu walipohamishiwa vijijini na nyumba yake ya kule porini ikavunjwa, Hamisa ndiye aliyempokea, akampa chumba na kipande cha shamba la mahindi. Wema huo Mwantumu hakuusahau. Angeusahau, jamani, mwanawe angekuwa hai.

Vita vya Kagera vilipopamba moto, Mhina, mtoto wa Hamisa, aliitwa jeshini, aende akaripoti Handeni mjini. Mhina akanywea. Mkewe alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Hamisa akaingia jikoni kwa mdogo wake, akapiga magoti.

"Kibwana hana mke wala mtoto. Aitikie yeye jina la Mhina. Kule Handeni nani anawajua?"

Kibwana mwenyewe alicheka, akasema atarudi na redio. Mwantumu alitazama moto, kisha akasema, "Haya, dada." Vijana wakaondoka pamoja alfajiri. Kibwana akaenda vitani kwa jina la Mhina. Mhina akaenda Mnyuzi kukata mkonge, akijiita Kibwana.

Habari ya kifo ikaja kwa Hamisa: Mhina ameanguka akiitetea nchi. Matanga yakawekwa kwake, wanawake wakamzunguka, wakamshika mikono. Mwantumu alikuwa uani anapepeta mchele wa wageni. Uchungu ulipomzidi akajitupa chini, akapiga yowe. Bibi mmoja akamkemea.

"We Mwantumu! Mama mdogo gani unalia kumshinda mwenye mtoto?"

Akajifuta kwa kanga, akarudi kwenye ungo. Mwingine, Mungu amsamehe, akamuuliza, "Wa kwako hajambo huko Mnyuzi?" Akajibu, "Hajambo." Angesemaje? Akitamka ukweli, Mhina anakamatwa kwa kukimbia vita, na kichanga chake kinabaki bila baba. Wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wanasema tu, hawajamwona Mwantumu akimeza chake.

Vita vilipokwisha, wazazi waliitwa waende Kagera kwenye makaburi ya mashujaa, mzazi mmoja kwa kila askari. Mwantumu akamfuata katibu wa kijiji, akaomba amsindikize dada yake.

"Mama mdogo hayumo, mama," katibu akamwambia, wala si kwa ubaya.

Akarudi, akamkuta Hamisa anafunga mzigo. "Dada, sikuombi kingine. Ukifika kaburini, inama umwite Kibwana. Mara moja tu. Asilale huko ugenini akiitwa jina la mtu."

"Nitamwita, mdogo wangu. Wallahi nitamwita."

Siku za safari ile Mwantumu hakushika jembe. Alikaa barazani akiwaza: sasa dada amefika, sasa anainama, sasa mwanangu anasikia. Tangu vita vianze, hapo ndipo moyo wake ulipopata nafuu kidogo.

Hamisa aliporudi, Mwantumu hakumpa hata maji. "Ulimwita?"

Hamisa akakaa chini kwanza. "Makaburi yamepangwa kwa mistari, Mwantumu, meupe, kila moja na jina lake. Nikaonyeshwa la Mhina. Afisa wa jeshi amesimama ubavuni pangu. Nikaogopa. Nikaita Mhina."



"Lakini nililia!" Hamisa akasema, na machozi yakaanza kumtoka upya. "Nililia mpaka wakanishika. Niliona jina la mwanangu juu ya kaburi, nikamwona Mhina wangu amelala pale. Usiombe uone kitu kama kile."

"Na wangu, dada? Wangu alililiwa na nani?"

Hamisa akainamia mfuko wake, akatoa sukari waliyopewa wazazi kule, akapima nusu kwenye bakuli, akamsogezea mdogo wake. Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni kumpokea mama wa shujaa. Mwantumu akaipokea sukari kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, dada. Pole na msiba."