Mwalimu Kelele na Darasa la Jukwaani

Saa nane na dakika arobaini mchana. Jua linachoma jukwaa la zege, na watu wazima ishirini na wawili wamebanana kwenye safu mbili za viti vya plastiki. Chini yao timu mbili za mpira wa magongo zinafukuzana. Mwalimu wao ameupa uwanja mgongo. Anawatazama wao, daftari mkononi.

"Kimetokea nini?" anauliza kwa Kiingereza. "Haraka, mimi sijaona."

Kinyozi anaeleza. Nesi anamkatalia. Muuza viatu anawapinga wote wawili. Mwalimu anaandika makosa yao kimyakimya na wala hamkatizi mtu.

Kwao anaitwa Mama Mapacha. Hapa ugenini, anakofundisha Kiingereza mwaka wa tatu sasa katika shule binafsi ya jioni, wanafunzi wamembatiza Mwalimu Kelele. Ana miaka arobaini na mmoja, stashahada ya ualimu, na miaka kumi na moja ya kusimama mbele ya madarasa ya watoto sabini sabini.

Shuleni kwake hapa, kazi hiyo haihitaji sana mwalimu. Kuna kitabu na kuna sauti zilizorekodiwa. Mwalimu anabonyeza kitufe, anasubiri wanafunzi warudie, anabonyeza tena.

"Mwenye shule aliniambia waziwazi kwamba sauti ya kwenye mashine ni ya wenye lugha, yangu ni ya kuazima," anasema. "Nikamuuliza, na yako wewe? Akaniambia niende darasani."

Akaenda. Akabonyeza kitufe miaka miwili.

Mambo yalibadilika siku moja wakati wa mapumziko, alipomkuta nesi akibishana na wenzake kwa lugha yao kuhusu mechi ya magongo. Akamwomba amweleze mchezo huo kwa Kiingereza. Nesi akaanza, akakwama, kinyozi akadakia, na dakika ishirini zikapita hakuna aliyekumbuka kuwasha mashine.

"Watu walionijibu ndiyo na hapana miezi mizima walikuwa wanagombana kwa Kiingereza," anasema. "Ni kwa sababu mimi sikujua kitu. Na sikuwa naigiza. Niliwauliza kipa yuko timu gani."

Jumamosi iliyofuata akawapeleka uwanjani.

Siku hiyo ya kwanza walikuwa na sentensi za kitabuni tu. Mwamuzi alipokataa bao, darasa zima likasimama na kupaza sauti kwa pamoja, kwa maneno ya somo la hotelini: samahani bwana, ungependa kuangalia tena, tafadhali?

"Mashabiki wa jirani walidhani tunamwagizia chai," anasema, akicheka mpaka anafuta macho.

Mwenye shule hakucheka. Mkataba mpya aliomletea una kifungu cha nne: masomo yote yatafanyika darasani, kwa kutumia mashine. Alitakiwa kuusaini kabla ya Jumatatu, la sivyo kazi inaisha. Kazi ikiisha, kibali chake cha kuishi nchini kinaisha nayo, na atakuwa na siku thelathini za kufungasha.

Theluthi mbili za mshahara wake huenda nyumbani, kwa mapacha walio kidato cha pili, wanaolelewa na mdogo wake. Wiki hii mdogo mtu alipiga simu.

"Dada, utarudishwa kwa ajili ya mchezo ambao hata huujui?"

"Ndiyo maana naufundishia vizuri."

"Acha utani. Watoto wanasoma."

"Najua wanasoma, niliwazaa mimi. Sasa wakiniona nakunjwa kama shuka, watajifunza nini?"

"Watajifunza kula, dada. Kwanza wale."

Alikata simu, akafungua mkoba akatoa mkataba na kalamu nyekundu.

Leo mwenye shule amekuja mwenyewe. Ameketi safu mbili juu yao, tai shingoni katika joto hili, simu ameiinua anarekodi. Wanafunzi wamemwona. Sauti zao zinapungua, wengine wanatazama viatu vyao.

Robo ya tatu ya mchezo, mwamuzi anatoa kadi ya kijani.

"Kijani?" mwalimu anauliza kwa sauti ya kufika juu. "Amepongezwa?"

Halafu anasimama Babu Breki, dereva mstaafu wa basi mwenye miaka sitini na minane. Tangu Januari hajawahi kusema zaidi ya sentensi moja.

Anaeleza kwamba mchezaji amepiga gongo la mpinzani wake, kwa hiyo atakaa nje dakika mbili, na timu yake itabaki pungufu. Anaeleza kwamba yeye angempa adhabu kali zaidi, kwani barabarani alikutana na wengi wa aina hiyo. Anasimulia mmoja wao, lori na daraja jembamba. Anasema kwa dakika nne, mikono ikishika usukani usiokuwepo. Mashabiki wa safu ya mbele, wasiomjua, wanageuka na kumpigia makofi.

Mwenye shule anashuka.

"Amekosea vitenzi vya wakati uliopita mara sita," anasema.

"Saba," anajibu mwalimu. "Nimehesabu. Januari alikuwa hakosei hata mara moja, maana alikuwa hasemi."

Anafungua mkoba, anampa mkataba. Kifungu cha nne kimekatwa kwa wino mwekundu. Chini yake kuna saini yake.

"Ulinipa mpaka Jumatatu. Nami nakupa mpaka Jumatatu."

"Nitapata mwalimu mwingine ndani ya wiki."

"Wa kubonyeza? Hata kesho utampata."

Mwenye shule anaukunja mkataba, anautia mfukoni, anaondoka mechi ikiendelea. Nesi anamshika mwalimu mkono.

"Naogopa, mbona," anasema mwalimu baadaye, jukwaa likianza kuwa tupu. "Nina watoto wawili, siyo mawe. Lakini kile kitufe sikigusi tena."

Chama cha madereva wastaafu, kwa kusukumwa na Babu Breki, kimeiandikia idara ya vibali kikiomba kumwajiri awafundishe wanachama wake. Idara haijajibu, naye haweki matumaini yake yote huko. Mpango wake ni kuandika kitabu cha kufundishia kisicho na mashine, akimalizie hapahapa au kwao, popote kibali kitakapomwachia.

Wanafunzi wanamzunguka wakiuliza kwa wasiwasi kama wiki ijayo kuna somo.

"Jumamosi, saa nane na nusu, geti namba tatu," anawajibu, akifunga mkoba. "Kwa mkataba au bila mkataba. Atakayechelewa ataeleza sababu kwa Kiingereza, na mwenye shule akija tena, naye atakaa kwenye safu na ataulizwa swali."