Mizani Iliyofukuza Lori

Nikiwa bado mtoto, saa tisa na dakika ishirini alasiri, lori la dalali liliingia shambani kwetu Molo kununua viazi. Juzi nilipoona sokoni Nakuru gunia la viazi lililoongezewa wavu wa viazi zaidi juu kama nundu, mkulima akilipwa bei ya gunia moja tu, hasira ya siku ile ilinirudia.

Baba alikuwa ametundika mizani aliyoiunda kwa springi za gari bovu. Ilinuka grisi.

“Mzee, mimi hununua gunia, si kilo,” dalali alicheka. “Hicho chuma pimia watoto wako.”

Akaondoka na lori tupu. Nilidhani alikataa kwa sababu mizani ilikuwa mbovu, nikamnunia baba. Yeye alikuwa tayari anakaza springi.

“Bado inazidisha robo kilo,” alisema. “Nitairekebisha.”

Leo najua mwizi huchukia kupimiwa. Viazi vya siku ile vilioza ghalani kwa kukosa mnunuzi, tukapoteza shilingi elfu kumi na nane.