Kijiti cha Mto Sabaki

Kosa ninalolikiri hapa ni uongo, nami niliusema bila kufungua kinywa.

Juzi, nikivuka daraja la Sabaki, niliona majani makavu yakielea juu ya maji mekundu, nikanusa tope, na alasiri ile ya vuli ikanirudia.

Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tulikuwa tukivua kambare kwa ndoana kwenye fungu la mchanga. Jirani yetu, kabla ya kwenda kufua ukingoni, alichomeka kijiti hatua moja kutoka majini.

“Wanangu, maji yakikigusa, tokeni. Huko bara kumenyesha.”

“Mbona hapa jua kali, mama?” nilimtania. Nilidhani mvua ni ile inayonilowesha mimi.

Samaki walikuwa wakila vizuri. Maji yalipokigusa kijiti, nilikichomoa nikakichomeka juu zaidi, Mwanaidi akiwa ameinamia chambo.

“Tutoke?” aliuliza baadaye.

“Kitazame kijiti.”

Akakitazama, akatulia.

Mto ulipanda kimya, ukalimeza fungu lote. Jirani alijitosa, akanishika mimi niliyekuwa karibu. Mwanaidi hakuonekana tena.

Mama yule alijilaumu hadi kufa kwake kwamba alikichomeka kijiti vibaya, nami nikamwacha ajilaumu. Jina lake lilikuwa Kadzo.