Kanuni ya Kumi na Moja ya Mheshimiwa Konokono

Kwa mamlaka ya Baraza Kuu la Waendesha Pikipiki wa Afrika Mashariki na Kati, Nairobi, tunatangaza Kanuni ya Kumi na Moja, itakayoanza kutumika mara moja:

Yeyote atakayemwangusha Mheshimiwa, awe mkubwa au mdogo, mwenye leseni au asiye nayo, atambeba kichwani, kwa miguu, bila viatu, kutoka mahali alipomwangusha hadi Tabaka alikozaliwa. Katika kila soko atasimama na kutangaza kosa lake kwa sauti ya kusikika. Akifika, atamwomba msamaha aliyemchonga.

Mwisho wa tangazo.

Sasa ukweli.

Baraza hilo halikuwahi kuwepo. Mheshimiwa alikuwa konokono wa jiwe. Na tangazo liliandikwa na mimi, Abner Nyangau, kidato cha tatu, mwaka 1972, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya choo cha bweni.

Muhuri niliuchonga kwa kiazi kitamu.

Miezi minne baadaye, watu wa soko la Keumbu walimwona kijana mrefu, pekupeku, mwenye konokono wa kilo tano kichwani, akiwatangazia habari ambazo hawakuziuliza.

Kijana huyo ndiye mimi. Naomba msicheke mapema, mtaishiwa.

Wakati ule, ukisikia pikipiki inanguruma kwenye vilima vya Gusii, ulijua ni mwalimu, au ni padri, au ni bwana shamba, au ni mtu amepotea. Hazikuwa nyingi.

Wenye nazo walijuana, wakaunda chama. Mwenyekiti alikuwa baba yangu mdogo, Mwalimu Mogire, mwenye BSA iliyokuwa na sauti ya ng'ombe mgonjwa. Nesi Persis Kwamboka, mkunga, alikuwa na Honda ndogo aliyofunga sanduku la dawa nyuma. Fundi Otiende, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa na karakana mjini Kisii, aliendesha kitu alichokitengeneza kwa mabaki ya pikipiki tatu. Hakikujulikana jina, na hakikuzimika ukitaka kizimike.

Mzee Nyangate wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, aliwachongea konokono wa jiwe la rangi ya waridi, mkubwa kama mkate, pembe mbili juu. Walisema ni wa kuwakumbusha wasikimbie.

Utaratibu ulikuwa huu. Mwenye safari ndefu humbeba. Ukifika Kericho, unamkabidhi mwenye pikipiki wa huko. Naye humpeleka Nakuru, wa Nakuru humpeleka anakokwenda yeye, hadi mwisho wake anarudi nyumbani. Kila mmoja huandika kitabuni: mahali, tarehe, mvua ilinyesha au la, pancha ngapi.

Baba mdogo alikuwa Msabato. Ijumaa, kabla jua halijazama, alimkabidhi konokono kwa Nesi Persis, ambaye ni Mkatoliki. Jumapili asubuhi Nesi alimrudisha akaenda misa. Konokono huyo ndiye kiumbe pekee Gusii aliyesafiri siku zote saba bila kutenda dhambi.

Alikuwa amefika Eldoret. Alikuwa amefika Naivasha. Kitabu kilisema amefika hata Moshi.

Mimi nilikuwa sijavuka Sotik.

Ndiyo, wivu. Kijana mwenye Kiingereza cha bweni, anayejua mito ya Ulaya kwa majina, alimwonea wivu jiwe.

Basi nikatunga Kanuni ya Kumi na Moja. Kitabu kilikuwa na kanuni kumi, na nikaona moja zaidi haitaua mtu. Wino wa muhuri ulikuwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, niliyoipata zahanati ya shule kwa kujifanya nina kidonda mdomoni.

Likizo ya Agosti, Mheshimiwa aliporudi kutoka Nakuru, kitabu kililala nyumbani kwa baba mdogo. Nikalibandika tangazo ukurasa wa mwisho, kwa uji. Kila mtu angedhani limebandikwa huko huko Nakuru.

Siku ya mkutano, baba mdogo alilisoma kwa sauti ya kanisani.

"Hawa wa Nairobi wametujua lini?" akauliza Otiende.

Nesi Persis aliuchukua ukurasa, akauangalia. Akausogeza karibu na pua.

"Una muhuri," akasema. "Kitu chenye muhuri utakikataaje?"

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilimimina nusu yake nje ya vikombe.

Wiki mbili baadaye Fundi Otiende akamwangusha Mheshimiwa huko Nyaramba.

Aliangukia majani, hakuumia. Lakini kanuni ni kanuni. Otiende alipotea siku nne. Aliporudi alikuwa anachechemea, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa cheupe.

"Omera, ndugu yangu Abner," akaniambia akiketi kwa shida, "dunia ni pana. Nyamira watoto walinifuata hadi mtoni wakiniimbia."

"Pole sana, Fundi."

"Nimeshapoa. Sheria ikishaandikwa, mtu ufanye nini?"

Nikaenda nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, nikacheka hadi nikakaa chini. Muhula wa tatu nililisimulia bweni zima, nikiigiza kule kuchechemea. Nilipigiwa makofi.

Kabla hiyo likizo haijaisha, baba mdogo alikuwa amenipa ahadi. Nikiwa kati ya watano wa kwanza darasani, Desemba ningekaa nyuma ya BSA mpaka Nakuru, nimempakata Mheshimiwa mwenyewe. Nakuru. Ziwa, treni, taa za umeme barabarani.

Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nikawa wa tano.

Jumatano asubuhi, pikipiki tatu zilikutana Keroka, kando ya barabara, mahali malori yanapopumzika. Nilivaa koti la baba, viatu nilivipiga rangi hadi ndani. Nilikuwa nimeshaandika kichwani barua za kuwaringia wenzangu.

Nesi Persis alifungua sanduku lake.

"Abner, mtoe Mheshimiwa umpeleke kwa baba yako mdogo. Shika kwa mikono miwili, mwanangu."

Nikashika kwa mikono miwili. Jiwe lilikuwa linateleza ajabu. Nikadhani wamelipiga msasa upya.

Hatua tatu. Nne.

Mheshimiwa aliniponyoka kama kambare. Akatua kwenye kokoto, na pembe yake ya kulia ikabingiria peke yake hadi chini ya lori la mkaa.

Injini zikazimwa, moja baada ya nyingine. Hata ile ya Otiende ilizimika mara ya kwanza.

Hakuna aliyenifokea. Baba mdogo aliinama, akaokota pembe, akaipuliza vumbi. Kisha akafungua kitabu ukurasa wa mwisho.

"Baba mdogo," nikasema haraka, "nadhani kanuni inahusu wanachama tu."

"Soma, Mwalimu," akasema Nesi Persis.

"Yeyote," akasoma. "Awe mkubwa au mdogo, mwenye leseni au asiye nayo."

Maneno hayo niliyaongeza kwa raha zangu, kwa sababu yalinoga.

"Aliyeandika hii ana akili," akasema Otiende. "Ameziba kila tundu."

Nilikuwa na njia mbili. Nikisema kanuni ni yangu, inakufa papo hapo, na huenda Nakuru ikabaki. Nikinyamaza, natembea maili thelathini upande wa magharibi huku pikipiki zikienda mashariki.

Walisimama wananitazama. Walisimama kwa muda mrefu, nikifikiria sasa.

Nikafungua mdomo.

Ndipo Otiende akasogea kuegemea mti, na nikaona bado anachechemea. Tangu Agosti. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba alitoka Nyaramba kwa miguu kwa amri ya kiazi?

Nikafunga mdomo.

"Naomba nivue viatu," nikasema.

Baba mdogo alipumua, akapiga teke la kuwasha, BSA ikaguna. Kwenye kiti changu walifunga mkungu wa ndizi mbivu. Wakaondoka kuelekea Kericho, na mkungu haukugeuka hata kunipungia.

Keumbu nilitangaza kwa kunong'ona.

"Hiyo ndiyo sauti ya kusikika?" akauliza mama mmoja aliyekuwa anauza mboga.

Nikarudia kwa sauti. Watu wakakusanyika. Mtu akauliza kama ninauza. Mwingine akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtaja jirani.

Naomba kusema mambo yaliyofuata polepole, kwa sababu hayanipi heshima.

Nilipoingia soko la Kisii, nyayo zikiwaka moto, nilimwona Nyanchera. Alikuwa anasoma shule ya wasichana iliyo karibu na yetu, na mimi nilikuwa nimeshamwandikia barua mbili zenye mashairi. Alikuwa amesimama na mama yake, anachagua vitunguu. Akanitazama miguu. Macho yake yakapanda polepole hadi kwenye konokono.

Nikasimama wima.

"Wananchi wa Kisii," nikatangaza, "jiwe hili liliangushwa na Fundi Otiende, mwenye karakana. Mguu wake ni mbovu. Mimi namsaidia tu, kwa huruma."

Wakanisifu. Mama yake Nyanchera alinipa maandazi mawili na kusema vijana kama mimi wamebaki wachache.

Nililala kwa shangazi yangu mjini. Alhamisi asubuhi, huko Suneka, nilikuta uongo umeota mizizi kinywani. Nikatangaza kwamba Fundi Otiende alimwangusha Mheshimiwa kwa sababu alikuwa amelewa. Saa tatu asubuhi. Chang'aa.

Mzee mmoja alivua kofia akaniombea.

Saa tisa alasiri nikaingia Tabaka. Vumbi la mawe lilikuwa limepaka kila kitu weupe, hata kuku. Mzee Nyangate alikuwa amekaa nje, kisu mkononi, anamalizia sikio la kifaru.

Nikamshusha Mheshimiwa. Shingo yangu ilikuwa imeingia mabegani.

"Bwakire, tata," nikamwamkia. "Nimekuja kuomba msamaha. Nimemvunja pembe."

"Ya kulia," akasema.

"Ndiyo, tata."

Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa pembe mpya, laini kama yai. Akaijaribu mahali pake. Ikakaa sawasawa.

"Umeichonga lini, tata?"

"Jumatatu. Ile ya zamani niliikata siku hiyo hiyo, nikaibandika kwa ulimbo. Waliniambia utaiangusha Jumatano."

Nikahesabu siku kwa vidole. Nikazihesabu tena, kwa sababu mimi ni wa tano darasani.

Nyuma ya nyumba mtu akakohoa.

Walitoka wote watatu. Hawakwenda Kericho. Walizunguka kona moja, wakala ndizi za kiti changu, wakageuza. Otiende alitangulia, akaruka mtaro kwa miguu yote miwili, ikiwa mizima.

"Omera," akasema, "sikujua nilikuwa nimelewa."

Nilitamani vumbi la Tabaka linimeze.

"Kisii nilikuwa barazani kwa fundi cherehani, nyuma yako," akaendelea. "Suneka nilikuwa hotelini, nakunywa chai. Mzee aliyekuombea aliniuliza kama namjua huyo mlevi. Nikamwambia namwona kila nikinyoa ndevu."

"Lakini Nyaramba," nikasema. "Ule mguu."

"Nilikuja hapa kwa pikipiki, nikala samaki siku nne na Mzee Nyangate. Kitambaa alinifunga Nesi."

"Nilifunga vizuri," akasema Nesi Persis.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu niliponusa karatasi. Mwanangu, dawa hiyo nawapaka watoto mdomoni kila siku. Nami ndiye niliyempaka Mheshimiwa mafuta ya kujipaka, usije ukadhani una mikono mibovu."

Baba mdogo alifungua kitabu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na matundu matundu, na msafara wa sisimizi ulikuwa bado unapita juu ya Baraza Kuu.

"Muhuri wa Nairobi," akasema, "haupandwi na sisimizi."

Wakacheka wote. Mimi pia nilijaribu, ikatoka sauti nyingine.

Baba mdogo hakucheka muda mrefu.

"Keroka tulizima injini tukakungoja, Abner. Ungesema, 'Niliandika mimi,' ungepanda. Kiti kilikuwa wazi. Uliona heri kutembea maili thelathini kuliko kusema maneno mawili. Na hata hizo maili ulizitembea juu ya jina la mwenzako."

Nikaketi juu ya kifaru wa Mzee Nyangate.

"Safari ni Jumapili, Sabato ikishapita," akasema. "Kiti bado kipo. Andika hapa ukweli wote, na usiache kitu. Kwa kalamu. Bila muhuri."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema ataingia pekupeku, na jiwe kichwani. Funzo langu kwenu ni dogo: ukitunga sheria, ivae wewe kwanza uone inapobana. Na ukikamatwa, kamatika mapema, miguu itakushukuru.

Nakuru niliiona, taa zake na treni zake. Kitabu kile ninacho mpaka leo, na ukurasa ule naunakili hapa kama nilivyouandika, nimekaa juu ya kifaru ambaye hajamalizika, watu wazima wanne wakichungulia begani kwangu:

"Mimi, Abner Nyangau, ndiye Baraza Kuu. Kiazi kilikuwa changu. Mheshimiwa nilimwangusha mimi. Fundi Otiende hakuwa amelewa."